Ukurasa Uliokufanya Ufunge Kitabu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu tuanze kusomeana riwaya barazani baada ya isha, hapa Ngamiani, Tanga, maswali yanayoniijia ni yale yale. Mengine huulizwa papo hapo, mengine nafuatwa nayo hadi nyumbani. Nimeyakusanya na kuyajibu kadiri ninavyoamini. Jambo moja kabla hujaendelea: humu nimetaja mambo yanayotokea ndani ya vitabu, pamoja na miisho yake. Kama hujasoma *Shujaa Okonkwo*, *Utengano* au *Peponi* na hupendi kuambiwa mapema, kasome kwanza kisha urudi.

Kifungu kinachomsimamisha msomaji ni kipi hasa?

Ni pale macho yanapogoma kwenda mbele. Unarudi juu, unaisoma tena sentensi uliyoielewa vizuri sana mara ya kwanza. Wakati mwingine unakifunga kitabu kidole kikiwa ndani, unatazama ukutani.

Mwili hutangulia kusema. Mmoja huguna, mwingine hushika tama, mwingine hujipiga paja. Kuna anayefyonya kwa hasira kama aliyetukanwa yeye, na kuna anayetoa "lahaula" moja nzito halafu anakaa kimya. Ninapowasomea watu huwa nasikiliza miguno hiyo kwa makini, kwa sababu haisemi uongo. Mtu anaweza kukisifia kitabu kwa heshima tu, lakini haguni kwa heshima.

Nipe mfano mmoja, uufafanue mpaka nielewe.

Nakupa ule ambao sijawahi kuusoma mbele za watu bila sauti kunikwama. Ni kifo cha Ikemefuna katika riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, ambayo Clement Ndulute aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1973 kwa jina *Shujaa Okonkwo*.

Ikemefuna ni kijana aliyetolewa na kijiji chake kwa Umuofia, kwao Okonkwo, kama fidia ya mwanamke wa huko aliyeuawa. Amekaa miaka 3 nyumbani kwa Okonkwo, mhusika mkuu wa riwaya, amezoea, anamwita Okonkwo baba, na mtoto wa nyumba ile, Nwoye, hatoki ubavuni pake. Siku moja wazee wanaamua auawe. Yeye anaambiwa anarudishwa kwao. Anatwikwa chungu cha pombe kichwani, wanaume wanashika njia ya msituni, naye Okonkwo yumo.

Njiani kijana anamkumbuka mama yake. Hajui kama yu hai. Basi anafanya wanavyofanya watoto wote duniani: anaufuata wimbo wa utotoni moyoni huku anatembea, na anapiga ramli kwa miguu. Wimbo ukimalizikia mguu wa kulia, mama yu hai. Ukimalizikia wa kushoto, amekufa. Hapana, hakufa, ni mgonjwa tu. Unamalizikia kulia. Anaimba tena, unamalizikia kushoto. Anajiambia kwamba mara ya pili haihesabiwi.

Usiku niliousoma ukurasa huo, mzee anayetuuzia kahawa alikuwa ameshika dele mkono mmoja na finjani mkono wa pili. Dele lilibaki hewani. Hakumimina, na aliyekuwa akiisubiri kahawa hakuidai. Kumbuka kwamba hapo bado hakuna panga lililoinuliwa. Ni kijana tu anahesabu hatua.

Kisha mtu mmoja nyuma yake anakohoa kusafisha koo. Panga linashuka. Chungu kinaanguka mchangani na kuvunjika. Ikemefuna anamkimbilia Okonkwo akilia kwamba baba, wameniua. Na Okonkwo, aliyekwisha onywa na mzee Ezeudu asiwe na mkono katika kifo hicho kwa sababu mtoto yule anamwita baba, anachomoa panga lake na kummaliza. Achebe anatupa sababu kwa sentensi moja fupi: aliogopa kuonekana dhaifu. Hakuna kilio cha mwandishi wala mahubiri.

Asubuhi yake yule mzee wa kahawa aliniuliza hata salamu hazijaisha: "Mwalimu, katika watu wote wale, hakuna hata mmoja aliyemnong'oneza yule mtoto?"

Kwa hiyo nguvu ya kifungu inatoka wapi?

Nguvu yake huwekwa mbali na pale inapotumika, na hili ndilo jambo ninalolishikilia kuliko mengine yote humu. Ukikinyofoa kifungu cha Ikemefuna na kumpa mtu asiyesoma kilichotangulia, atasikitika kidogo, basi. Sisi tunaumia kwa sababu tangu ukurasa wa kwanza tumekuwa tukiwekewa akiba bila kujua. Tumemwona Unoka, baba yake Okonkwo, mpiga filimbi aliyekufa na madeni. Tumeona jinsi mwanawe anavyoogopa kufanana naye kuliko anavyoogopa vita. Tumeona Ikemefuna akimfundisha Nwoye mambo madogo madogo. Siku ya panga, akiba hiyo yote inatolewa kwa mkupuo.

Kwa hiyo ukisimamishwa na kifungu, usikikodolee macho chenyewe tu. Rudi nyuma ukatafute akiba yake iliwekwa ukurasa gani. Mara nyingi utaikuta mahali ulipopita haraka ukidhani panachosha.

Lazima kiwe cha kifo au machozi?

Hata kidogo. Wakati mwingine kinachokusimamisha ni tarakimu. Mwanzoni mwa *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi, Yasmin ana miaka 15 na anaozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52. Hapo hajafa mtu wala halijatolewa tusi. Lakini wasikilizaji wangu, hasa kina mama, huanza kutoa hesabu hapo hapo, na ile 37 inayobaki huwakaa kooni.

Kuna pia vifungu vinavyosimamisha kwa uzuri wa lugha, ukahisi umelambishwa asali. Na kuna vya kicheko, ambavyo nasikitika kwamba watu huvidharau wanapohesabu vifungu vikubwa. Riwaya iliyomfanya mtu acheke peke yake ndani ya daladala imefanya kazi nzito.

Kwa nini vingine vinanipa hasira badala ya machozi?

Kwa sababu mwandishi amekuonyesha dhuluma na kukunyima mtu wa kuizuia. Katika *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, Bwana Maksuudi ni mtu wa heshima zake mbele za watu. Mkewe, Bi Tamima, anashikwa na uchungu wa uzazi, na Biti Kocho yupo kumsaidia. Maksuudi anaingia, na badala ya kuokoa anapiga, na talaka anaitoa hapo hapo, mwanamke akiwa katika uchungu.

Nimewahi kusoma sehemu hiyo mbele ya wanaume watupu. Hakuna aliyelia. Mmoja alisimama akaenda zake mpaka barabarani, akarudi baada ya muda, akasema: "Endelea." Hasira ya namna hiyo ni jibu halali la fasihi. Msomaji anapokasirika kwa niaba ya mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, ujue mtu yule amekwisha kuwa hai.

Vivyo hivyo kwa *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, iliyowahi kuzuiwa mashuleni. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Wazazi wengi hukisoma kipigo hicho wakidhani wanatazama nyumba ya jirani. Wanapoona Rosa anavyoharibikiwa baadaye, ndipo wanarudi kwenye ile barua.

Mimi ni mwanafunzi. Mwalimu anataka tamathali za usemi, mimi nimelia tu. Nifanyeje?

Umeanza vizuri. Machozi yako ndiyo ushahidi wa kwanza kwamba pale pana kitu, na sasa unayo kazi ya kukitafuta. Jiulize umelia kwenye neno gani hasa, mwandishi alikuficha nini mpaka hapo, na kitu gani ulikijua wewe ambacho mhusika hakukijua. Ukijibu hilo la mwisho kwa Ikemefuna, tayari umeshaeleza kinaya: sisi tunajua haendi kwao, yeye anahesabu hatua za kwenda kwao. Ukieleza ule wimbo wa miguu unafanya nini, umeshagusa taswira na taharuki. Majina ya mbinu yatakuja yenyewe.

Kibaya ni kinyume chake, pale mwanafunzi anapoorodhesha tashbihi 7 na sitiari 5 za kitabu ambacho hakikumgusa popote. Nimesahihisha insha za namna hiyo nyingi sana, na kila mara naumia.

Taharuki za hadithi za mfululizo, zile za "itaendelea", nazo zimo?

Zimo, ila zinafanya kazi nyingine. Waliokua wakisoma visa vya Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa wanajua utamu wa kufunua ukurasa mkono ukitetemeka. Taharuki inakusukuma mbele: nini kitatokea? Kifungu ninachokizungumzia hapa kinakuzuia. Kinakuambia kaa hapa kwanza, hili limekwisha kutokea. Hadithi moja inaweza kuwa na vyote viwili, na kwa kweli ile mbio ndiyo inayofanya kusimama kwake kuumize.

Je, mwisho wa kitabu unaweza kuwa ndicho kifungu chenyewe?

Unaweza, na ni kazi ngumu kwa mwandishi, kwa sababu hana tena ukurasa wa kukutuliza. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliandika riwaya iliyotoka mwaka 1994 na kufasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina *Peponi*, mwaka 2022. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, na polepole tunaelewa pamoja naye kwamba si ami yake: baba yake amemweka rehani kwa deni. Kitabu kizima tunasubiri aamke aondoke.

Mwishoni majeshi ya Wajerumani yanapita yakikamata watu. Yusuf amejificha, amesalimika. Kisha anasikia nyuma yake sauti kama ya milango inayokomewa, anageuka kidogo, na anakimbia kuwafuata wale wale wanajeshi. Hapo ndipo kitabu kinaishia.

Watu hunigombeza: "Mwalimu umeruka kurasa!" Sikuruka. Kijana asiyewahi kuwa na kwake anakimbilia kwa watu wasiomtakia mema, kwa sababu bustani nzuri aliyokuwamo ilikuwa na komeo. Mimi nimemaliza kitabu hiki mara 3 na bado sijui kama ningemshika mkono nimzuie au ningemwacha aende.

Tafsiri inaweza kubeba kifungu kama hicho bila kukimwaga njiani?

Inaweza, na wakati mwingine lugha inayopokea huongeza kitu chake. Chukua neno "baba". Kwetu neno hilo halimhusu aliyekuzaa peke yake. Baba mkubwa ni baba, baba mdogo ni baba, na mzee usiyemjua njiani unaweza kumwita baba kwa adabu tu. Kwa hiyo Mswahili anaposikia Ikemefuna akimwita Okonkwo baba, hashangai kama vile mtoto amekosea. Anajua kwamba neno hilo likishapokelewa lina haki zake na lina wajibu wake. Nilimwona bibi mmoja akitikisa kichwa hapo na kusema, "Ameitika kwa jina hilo miaka mitatu." Hakuhitaji kuelezwa chochote kuhusu mila za Waigbo, watu wa Nigeria ambao Achebe anawasimulia.

Hali ni hiyo hiyo kwa neno "ami" na kwa neno "rehani". Nani kwetu hajui uzito wa kuweka kitu rehani? Sasa weka mtoto.

Kwa nini nikisoma kimoyomoyo navuka salama, nikisoma kwa sauti nashindwa?

Macho yana ujanja wa kukwepa. Yakiona sentensi nzito inakuja, huiruka nusu na kuangukia upande wa pili. Ulimi hauna njia hiyo, sharti upite juu ya kila silabi. Tena ukisoma kwa sauti unazisikia pumzi za waliokuzunguka, nazo zinakurudia.

Ushauri wangu kwa wanaosomea wenzao: usiigize kilio. Punguza mwendo, teremsha sauti, na ukifika kwenye nukta ihesabu mpaka tatu. Ukikwamwa, kaa kimya, usiombe radhi. Kimya chako ni sehemu ya usomaji.

Kila mtu anasifia ukurasa fulani, mimi sikuhisi kitu. Nina kasoro?

Huna. Pengine umri wako bado, au umeufikia ukiwa umeshaambiwa ulie, na moyo haupendi kuamrishwa. Kiweke kitabu. Mimi niliusoma ukurasa wa Ikemefuna nikiwa shule na kilichonishughulisha ni mtihani. Umenipata nilipokuwa na mtoto wa kumlea ambaye sikumzaa.

Na kama kifungu kimegusa jeraha langu mwenyewe?

Acha kusoma. Nalisema hili kwa uzito wote. Mwanamke aliyepigwa akiwa mjamzito hana deni lolote la kumaliza ile sura ya *Utengano*. Tulikuwa na mwenzetu aliyeondoka barazani usiku mmoja nilipoisoma sura hiyo na hakurudi kwa wiki kadhaa, na kosa lilikuwa langu, sikutoa tahadhari. Sasa natoa kila mara, kabla ya kufungua kitabu, na ninataja wazi kinachokuja. Haipunguzi nguvu ya maneno. Inampa mtu nafasi ya kuchagua, na kama kuna anayehitaji kuzungumza baadaye, tunakaa naye.

Vifungu nivihifadhi vipi?

Kwa daftari na kalamu. Nakili kwa mkono, polepole, alama za vituo zote. Utagundua kitu ambacho macho hayakukiona: urefu wa sentensi iliyotangulia, neno lililorudiwa, mahali mwandishi alipokata. Andika jina la kitabu, ukurasa, tarehe, na mstari mmoja kuhusu ulichofanya: "nilifunga kitabu", "nilimwamsha mke wangu nimsomee". Na nakili pia ile sentensi ya akiba, ile ya kurasa nyingi nyuma.

Kitabu cha maktaba usikikunje pembe wala kukipiga mstari. Chomeka kipande cha karatasi.

Ninaandika hadithi. Nifanye nini ili msomaji asimame?

Usimlilie. Ukijaza "kwa huzuni kuu isiyo kifani" na "machozi yakambubujika kama mvua ya masika", msomaji anaona umeshalia vya kutosha kwa niaba yake, anapita. Tafuta kitu kidogo kinachoonekana: chungu, hatua za miguu, komeo. Kiweke mapema kikiwa hakina maana yoyote. Sentensi ya pigo iwe fupi kuliko zote zinazoizunguka, kisha nyamaza. Ukishaandika, kata aya inayofuata. Najua inauma kuikata, kwa sababu ndiyo uliyoipenda.

Mashairi nayo?

Yana ukurasa wake. Nitataja *Al-Inkishafi* tu, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Nasir kuhusu Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya: majumba ya fahari yaliyokuwa na taa na wageni, halafu makinda ya popo yananing'inia humo na buibui wametanda. Ukisimama ndani ya gofu lolote la pwani yetu baada ya kuusoma, utanyamaza.

Nakumbuka kifungu, jina la kitabu limenitoka. Nitakipataje?

Andika unachokumbuka kama kilivyo, bila kukinyoosha: mwaka uliosoma, shule au nyumbani, rangi ya jalada, jina lolote la mtu au mahali, na neno lililokukaa kichwani. Waulize waliosoma darasa moja na wewe, kwa sababu vitabu vya lazima vya fasihi huwa ni kumbukumbu ya rika zima. Mkutubi mzuri naye huweza kukikamata kwa dalili mbili tu. Na ukipita Ngamiani baada ya isha, kaa ukisimulie. Mara ya mwisho alikuja kijana akitafuta "kile kitabu cha mtoto anayeimba huku anatembea", na kabla sijafungua mdomo mzee wa kahawa akamjibu: "Ukaishia mguu wa kushoto. Kaa hapa, mwanangu."